Kiwanda Kilichoajiri Wavuvi Wote

Mlango ukafunguka, msomaji wangu, na Mama Kisu akafumba macho.

Ndipo tulipomwacha juma lililopita: mkono kwenye komeo la chumba cha baridi, makwapa yamelowa, na nyuma yake kasimama yule Mnunuzi mwenye miwani ya kamba, mama mwenye maduka makubwa ya samaki mjini, akisema, "Fungua tuone." Na ndani ya chumba kile, Mama Kisu alijua vizuri, hakukuwa na samaki hata wa dawa. Kulikuwa na baridi tu, na kreti la soda za Meneja.

Basi akafumba macho, akangoja kelele.

"Wanene," sauti ya Mnunuzi ikasema. "Na wamepangwa vizuri."

Mama Kisu akafumbua jicho moja. Akafumbua na la pili. Chumba kilijaa samaki, sakafu hadi dari!

Meneja akakohoa, kikohozi cha mtu aliyetenda makubwa anayengoja kuulizwa.

"Bosi," Mama Kisu akamnong'oneza, "wametoka wapi hawa?"

"Baharini. Kwani kwenu samaki huchimbwa shambani?"

"Bahari ipi, bosi? Hii yetu haijaguswa na mtu tangu..."

"Shika kisu chako, mama. Maswali tumwachie mgeni."

Kama gazeti la nyuma walikunyang'anya kabla hujalisoma, usihangaike, nakuvusha mara moja.

Kiwanda hiki kilijengwa ufukweni ili wenyeji wapate kazi. Samaki wavuliwe hapa, wapasuliwe hapa, wagandishwe hapa, ndipo waende mjini wakiwa minofu. Meneja alipanda jukwaani akaapa kwamba hakuna mwenyeji atakayebaki bila ajira. Tangazo likasema kipaumbele ni kwa wenye uzoefu wa samaki. Sasa niambie, nani mwenye uzoefu wa samaki kumshinda mvuvi? Wavuvi wakaja wote, na Meneja, mtu wa ahadi, akawaajiri wote.

Bingwa wa nyavu akawa Mkuu wa Mizani. Aliyeijua miamba yote ya pwani akawa Msaidizi wa Mkuu wa Mizani. Yule aliyekuwa akinusa upepo akajua samaki wamelala wapi akafanywa Afisa Harufu, kazi yake kumnusa samaki na kutamka kama ni mzima au ameoza. Mitumbwi yao ikapasuliwa ikawa mabenchi ya bwalo la chakula.

Ahadi ilitimia mpaka ikapitiliza. Siku ya kwanza mashine zikawashwa, kila mtu akasimama mahali pake na kofia nyeupe kichwani, wakangoja samaki.

Wanangoja mpaka leo.

Na Mama Kisu? Yeye ndiye mkuu wa meza ya kupasulia. Zamani alipara samaki juu ya jiwe, nzi wakimwamkia kabla ya watu, mvua ikimkuta hapohapo na jua likimkuta hapohapo. Sasa alikuwa na meza ya chuma inayong'aa, bomba la maji, paa, na choo chenye mlango unaofungwa kwa ndani. Wanawake wa meza ile walimwita "Mkuu," na yeye alijifanya hapendi. Mnunuzi akitia saini mkataba wa kununua samaki wa kiwanda, meza inabaki. Asipotia saini, kiwanda kinafungwa, na lile jiwe lipo palepale linamngoja. Jiwe halina haraka.

"Haya, nioneshe kazi," akasema Mnunuzi.

Samaki wakaletwa mezani, wagumu kama matofali. Mama Kisu akapeleka kisu tumboni mwa wa kwanza, mkono wake ule mwepesi uliompa jina. Akaingiza vidole atoe matumbo.

Hakukuwa na matumbo.

Akamgeuza. Tumbo lilikwisha kupasuliwa zamani, likasafishwa likang'aa, likafumbwa tena. Na magamba? Hana hata moja.

"Mkuu," jirani yake akanong'ona, "wa kwangu hana utumbo."

"Fanya kama anao."

"Nifanyeje?"

"Vuta! Tupa kwenye ndoo! Kunja uso!"

Basi ukaona wanawake wazima, meza nzima, wanavuta hewa kutoka tumboni mwa samaki, wanaitupa ndooni, wanakung'uta vidole na kukunja nyuso kwa uvundo ambao haupo. Afisa Harufu naye asipitwe. Akainama, akabandika pua yake kubwa juu ya lile tofali la barafu, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda.

"Mbichi kabisa!" akatangaza. "Huyu ametoka majini asubuhi hii. Bado anashangaa."

Mnunuzi akachungulia ndoo. Tupu. Akavaa miwani yake. Akamchukua samaki wa Mama Kisu, akamshika mkia, akautazama mkia ule kama mama anayetazama kovu la mwanawe aliyepotea.

"Huyu namjua," akasema.

"Unamjua samaki?" Meneja akacheka peke yake.

"Kipete hiki cha kijani mkiani. Tunawavalisha sisi wenyewe. Huyu samaki nimemuuza mimi, juzi, dukani kwangu mjini."

Hata friji zilipunguza kelele.

"Lakini harufu yake ni ya hapahapa," Afisa Harufu akajaribu.

"Nyamaza!" Meneja na Mama Kisu wakamwambia kwa pamoja.

Mnunuzi akavuta ndoo ile tupu, akaigeuza, akakaa juu yake. "Hebu nisaidieni. Mmenunua samaki wangu, mkawaleta huku, mkaniita kutoka mjini nije niwanunue tena?"

"Huo ndio ushirikiano, mama," akasema Meneja, tai ikimkaba.

"Wateja wangu wamechoka kula samaki asiye na kwao. Wanataka kujua kavuliwa wapi, nani kampasua, na wanataka picha yake akitabasamu."

"Samaki?"

"Mvuvi!" Akasimama. "Nileteeni chai. Nikimaliza kikombe nataka kuona samaki mmoja. Mmoja tu, aliyetoka kwenye maji yale pale, akapita juu ya meza hii. Nikimwona natia saini. Nisipomwona, nafunga mkoba wangu na ninyi mnafunga kiwanda chenu."

Akaonesha dirishani. Bahari ilikuwa pale, hatua chache nyuma ya ukuta, imejaa pomoni, inapiga miayo.

Mama Kisu mwenyewe akaenda kutengeneza chai. Aliitengeneza ya moto kupita kiasi makusudi, ili isinyweke upesi.

Meneja akawakusanya watu bwaloni. Wakakaa juu ya mabenchi yale yaliyokuwa mitumbwi, wengine juu ya mtumbwi waliozaliwa wakaukuta, na hapakuwa na aliyelowa.

"Jamani," akasema, "samaki mmoja. Hapa kuna wavuvi wangapi?"

Haukunyooshwa mkono hata mmoja.

"Ninyi si wavuvi?"

"Tulikuwa," akasema Mkuu wa Mizani. "Mimi sasa ni mkuu. Mkuu anakwendaje majini, bosi? Akinizidi cheo papa?"

"Msaidizi wake je?"

"Msaidizi haendi asipokwenda mkuu. Nitamsaidia nani?"

"Mimi pua yangu ni mali ya kiwanda," akasema Afisa Harufu. "Ikiingia maji ya chumvi mtanilaumu."

Mama Kisu akashindwa kuvumilia. Akamgeukia mtu aliyesimama mlangoni na buti nyeusi mpaka magotini, kofia yenye ukingo mkali, na filimbi kifuani. Huyo ndiye mumewe. Wanamwita Nahodha, kwa kuwa katika wavuvi wote wa pwani ile yeye alikuwa wa kwanza kutoka na wa mwisho kurudi. Sasa ni mlinzi wa geti. Na filimbi ile ndiyo saa ya kiwanda: akiipiga fupi ni mwizi, akiipiga ndefu ni chakula. Tangu kiwanda kifunguliwe hajawahi kuipiga fupi. Mwizi aje kuiba nini?

"Baba watoto," akamwambia, "nenda wewe."

"Nani atalinda geti?"

"Kinaingia nini getini?"

"Ndiyo maana ya ulinzi. Hakiingii kitu kwa sababu nipo."

"Mtumbwi wako si upo palepale getini?" Meneja akadakia. "Ndio pekee uliobaki!"

Na kweli upo. Meneja aliuweka pale uwe pambo, ukatiwa udongo, ukapandwa maua mekundu, na ubavuni ukaandikwa KARIBUNI. Kasia lake lilipakwa rangi nyekundu na nyeupe likawa kizuizi cha geti, linapanda na kushuka.

Nahodha akafungua kinywa aseme jambo. Akawatazama wenzake. Akafumba kinywa.

"Siendi," akasema, na masikio yakamwiva.

"Mwanamume mzima!" akafoka Mama Kisu. "Buti zimekukaa miguuni au zimekupanda kichwani?"

Kabla hajajibiwa, Afisa Harufu akaruka kutoka benchini. Pua yake ilikuwa juu, inatetemeka kama jani.

"Samaki," akasema.

"Usianze tena," akasema Meneja.

"Samaki! Naapa! Mbichi! Anatembea!"

Ilikuwa mara ya kwanza tangu aajiriwe kufanya kazi yake, na aliifanya mbio. Akatoka, watu nyuma yake, wakazunguka jengo, wakafika kwenye uzio wa waya upande wa miamba. Na nje ya uzio wakamkuta bibi kizee anapita zake polepole, mshipi umeviringwa kwenye kigongo, ndoo mkononi, paka nyuma yake.

Ndani ya ndoo kitu kikapiga maji, pwaa!

Mama Kisu akamtambua. Alikuwa mama mkwe wake. Mama mzazi wa Nahodha. Bibi Paka.

Bibi huyu ndiye mtu pekee wa pwani ile aliyeomba kazi akanyimwa. Basi kila asubuhi akawa anakwenda miambani kumvulia paka wake, na jioni humsimulia paka habari za kiwanda. Paka yule alikuwa anakula kuliko Meneja.

"Mama, shikamoo," akasema Mama Kisu kupitia waya.

"Marahaba, mkwe wangu mwenye kofia. Leo mmetoka wote, kuna msiba?"

"Utakuwepo sasa hivi, mama, usipotusaidia. Tunamwomba huyo samaki."

"Yupi, huyu wa paka?"

Meneja akajipenyeza mbele. "Bibi, tutakulipa vizuri. Taja bei."

"Fedha nikanunulie nini, mjukuu wangu? Samaki? Tangu mlipoajiriana, sokoni hakuna hata mfupa." Akaweka ndoo chini. Paka akakaa juu ya mguu wake kama mwanasheria. "Mimi nataka kazi."

"Umepata! Bibi, umepata! Tutakutafutia cheo. Mkuu wa... Mkuu wa Miamba!"

"Miamba ninayo. Nataka cha huyu." Akanyoosha kidole. Kilipita kwenye tundu la waya, kikamwelekea Mama Kisu kifuani, kwenye aproni nyeupe.

"Mama!" Mama Kisu akaruka nyuma. "Hata mimi, mkweo?"

"Hebu nikuulize, mkwe. Siku ile ya usaili, walipouliza kama bibi huyu anafaa mezani, wewe ulikaa kiti cha pili kutoka dirishani. Ulisemaje?"

Mama Kisu akaitazama bahari.

"Nikukumbushe? Ulisema, 'Mkono wake unatetemeka.' Mkono huu!" Akauinua. "Mkono huu umemlea mumeo mpaka akaota ndevu, haukutetemeka. Leo umemtoa huyu majini. Aliyetetemeka ni yeye."

Wafanyakazi wakacheka, kisha wakakumbuka kwamba hawatakiwi kucheka.

"Baba watoto," Mama Kisu akaita, "sema neno basi! Huyu ni mama yako, mimi ni mke wako!"

Nahodha akamtazama mama yake. Akamtazama mkewe. Akalitazama geti.

"Mimi niko lindoni," akasema.

Dirishani juu yao kukasikika mlio mdogo: kijiko kinakwangua kikombe. Mnunuzi alikuwa ameifikia sukari ya chini.

"Mama Kisu," Meneja akamshika mkono, sauti laini kama anayebembeleza mtoto ameze dawa, "ni aproni tu."

Ni aproni tu! Mtu ambaye hajawahi kupara samaki juu ya jiwe ndiye anayeweza kusema hivyo. Mama Kisu akageuka awatukane wote, na nyuma yake akawaona wanawake wa meza yake, wamejipanga ukutani, kisu kila mmoja mkononi, macho yote kwake. Mmoja alikuwa ameshika bomba la maji, tone tone likidondoka, kama vile alitaka kuwa na uhakika kwamba bado lipo.

Akiibana aproni yake, wote wanarudi kwenye mawe. Akiitoa, anarudi yeye peke yake.

Akafungua fundo la mgongoni.

"Ipitishe juu ya uzio, mkwe," akasema Bibi Paka. "Na kofia."

Msomaji wangu, mimi sipendi kumsifu mkwe aliyemkomoa mkwe mwenzie, lakini mgala muue na haki yake mpe. Bibi yule aliingia na ndoo yake, akamweka samaki mezani angali anapiga mkia, na kabla Mnunuzi hajaweka kikombe chini, magamba yalikuwa yameruka, tumbo limefunguka, matumbo ya kweli yamekwenda kwa paka, na minofu miwili imelala pale kama vitabu.

"Amevuliwa hapa?" Mnunuzi akauliza.

"Hapo nyuma ya choo."

"Na nani?"

"Mimi."

"Na aliyempasua?"

"Mimi huyohuyo. Unataka na kumla nimle mimi?"

Mnunuzi akapiga makofi. "Tabasamu, bibi!" Picha ikapigwa. Bibi akatabasamu kwa meno aliyokuwa nayo, na yalitosha. Mkataba ukafunguliwa palepale juu ya meza ya chuma, ukatiwa saini huku pembe moja ikilowa damu ya samaki. Kiwanda kizima kikapiga vigelegele. Meneja akambusu Afisa Harufu kwenye pua.

Mama Kisu alikuwa amesimama mlangoni, kichwa wazi. Hakujua mikono yake aiweke wapi.

"Basi," akasema Mnunuzi akifunga mkoba, "kesho asubuhi gari langu la kwanza litakuwa getini. Nataka lijae samaki wa namna hii. Likirudi tupu, mkataba huu washieni moto. Bibi, kesho utaanza kuvua saa ngapi?"

"Kuvua?" Bibi Paka akajitazama aproni, akailainisha kwa viganja vyote viwili. "Mimi kesho nipo kazini, mama."

Vigelegele vikakatika kama vimefungwa bomba.

Ndipo hapo kila mtu alipoelewa walichokifanya. Walikuwa wamebakiwa na mvuvi mmoja, wa paka, na huyo naye wamemwajiri!

Macho yakaanza kuzunguka. Yakapita kwa Mkuu wa Mizani, kofia. Yakapita kwa msaidizi wake, kofia. Kwa Afisa Harufu, kofia. Yakaja yakatua mlangoni, juu ya kichwa pekee kisicho na kofia.

"Dada," akasema Afisa Harufu taratibu, "wewe si huna kazi?"

"Nafasi ipo!" Meneja akafufuka. "Mvuvi! Una uzoefu?"

"Nilimpigia baba yangu kasia nilipokuwa msichana," akasema Mama Kisu. "Maji ya karibu. Kuogelea walifundishwa kaka zangu."

"Inatosha! Ila nikwambie mapema, mvuvi si nafasi ya ndani ya kiwanda. Haina kofia."

Mama Kisu akachukua mshipi wa Bibi Paka uliokuwa umeegemezwa ukutani, akatoka nje, akaenda moja kwa moja getini.

Akaushika ule mtumbwi ubavuni, chini ya KARIBUNI, akausukuma. Ukalala upande. Maua yakamwagika, udongo ukamwagika, na mwingi ukaingia ndani ya buti za Nahodha.

"Mama watoto!" Nahodha akaruka. "Unafanya nini?"

"Nakwenda kazini."

"Mali ya kampuni haitoki bila kibali."

"Mali ya kampuni? Mtumbwi huu ndio ulioniletea posa! Baba yangu alikupa mke kwa sababu ya mtumbwi huu, wala hukuja kuposa na filimbi!"

"Sikiliza, huo mtumbwi una..."

"Sitaki neno lako! Nilikuomba neno pale kwenye uzio ukaniambia uko lindoni. Linda sasa!"

"Mke wangu, nisikilize, una ma..."

"Una nini? Una maua? Nimeyamwaga!"

Wanawake wa meza wakaja mbio, wakaushika mtumbwi mbele na nyuma. Meneja akatokeza dirishani akapaza sauti, "Mfungulieni! Huyo ndiye gari letu la kesho!" Mama Kisu hakungoja afunguliwe. Akaling'oa lile kasia jekundu na jeupe kwenye kizuizi, na geti likabaki bila mkono.

Mtumbwi ukateremka mchangani, ukagusa maji. Akaingia. Wanawake wakamsukuma kwa pamoja, na mmoja alikuwa anafuta macho kwa kofia yake.

"Nani kawaruhusu kutoka mezani?" sauti ya Bibi Paka ikalia kutoka kiwandani. Mkuu mpya alikuwa ameshaanza kazi. Wakarudi mbio.

Mama Kisu akapiga kasia. Mikono ilikumbuka. Ufukwe ukarudi nyuma, jengo likawa dogo, na kwa mara ya kwanza siku ile akapumua. Chini ya mtumbwi maji yakageuka rangi, yakawa ya kina. Aliwaona hata samaki, wanene, wanapita kwa utulivu wa viumbe waliosahau kabisa kwamba kuna watu.

"Mtanitambua," akawaambia, akafungua mshipi.

Ndipo akahisi baridi kwenye vidole vya miguu.

Akatazama chini. Udongo wa maua uliokuwa umeshika sakafuni ulikuwa unalainika, unageuka uji. Na katikati ya uji ule tundu likafumbua jicho. Kisha jingine. Kisha jingine, yamepangwa mstari mzuri kutoka mbele hadi nyuma, matundu yaliyotobolewa na mtu mwenye mkono thabiti na moyo wa kazi, ili maji ya maua yapate pa kutokea.

Alikijua kile kipimo. Alizijua zile nafasi kati ya tundu na tundu. Hakuna mtu pwani ile anayetoboa ubao namna hiyo ila mmoja.

"Baba watoto!" akapiga ukelele.

Kutoka ufukweni filimbi ikamjibu. Nahodha alikuwa ameona. Alikuwa anapuliza kwa nguvu zote za kifua chake, lakini mtu mwenye hofu pumzi yake haikatiki vipande vipande. Filimbi ikalia moja tu, ndefu, ndefu, ndefu.

Milango ya kiwanda ikafunguka yote kwa mara moja. Mama Kisu, maji yakiwa kwenye vifundo, akawaona watu wakimiminika nje kwa mbio: Mkuu wa Mizani, msaidizi wake, Afisa Harufu, wavuvi wote waliowahi kuijua bahari ile. Moyo ukamrudi. Akainua kasia akalipunga.

Walifika kwenye kona ya jengo. Wakakata kona. Jua likamulika sahani mikononi mwao.

Filimbi ndefu ni chakula!

Akateka maji kwa viganja, akayamwaga, yakaingia mengi kuliko aliyoyamwaga. Getini alibaki mtu mmoja. Mama Kisu alimwona akiitazama bahari, akalitazama geti, akaitazama tena bahari. Alimwona akivua kofia, akiitundika kwenye nguzo ambapo kasia lilikuwa. Kisha alimwona akishika geti lenyewe la chuma kwa mikono miwili, akalifunga, akazungusha ufunguo.

Maji yalikuwa yamefika magotini, na kutoka mbali kule, pamoja na jua machoni, Mama Kisu hakuweza kuona mumewe amelifunga akiwa upande gani, wa kiwanda au wa bahari.